Mke wangu aliinyamazisha error kwenye tools zangu za device tree ili nisiumie

Wakuu, habari za saa hizi, na heshima kwa dada zetu wote mlioko humu.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo nashusha kisa changu mwenyewe. Sikukisikia kwa rafiki wa rafiki. Aliyepatwa ni mimi, na mhusika mwingine ni mke wangu Koku, ambaye ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba nisimfanye malaika wala nisimfanye shetani. Nitajitahidi.

Kuna sehemu itakuwa ya kitaalamu kidogo. Msikimbie. Nitaieleza kama nilivyomweleza mama yangu kule Kishanda, na yeye hajawahi kugusa kompyuta.

Naishi Nshambya, hapa Bukoba mjini. Kazi yangu ni kuandika programu za C kwa ajili ya bodi ndogo za kompyuta, zile zinazoenea kiganjani, zinazofungwa ndani ya mashine nyingine. Mashine ya kukaushia kahawa, pampu ya maji, majokofu ya samaki. Wateja wangu wengi ni wanunuzi wa samaki wa visiwa vya Muleba.

Na mimi sioni.

Sikuzaliwa hivi. Presha ya macho ilinianza polepole, nikadhani miwani imechoka. Nikabadilisha miwani. Nikabadilisha tena. Nilipokuja kushtuka jicho la kushoto lilikuwa limeshaondoka na la kulia linafuata njia hiyo hiyo. (Wakuu wenye wazazi waliougua presha ya macho, nendeni mkapimwe wiki hii, hilo ni la bure nawapa kabla hata ya kisa.)

Nikapelekwa hospitali kubwa mkoa wa jirani, nikafanyiwa upasuaji, nikarudi nyumbani na bandeji. Kila mtu akaniambia yatarudi taratibu. Koku alisema hivyo, mama alisema hivyo, mchungaji wetu alikuja akaomba na yeye akasema hivyo hivyo.

Sasa nieleze kazi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Bodi hizi zinatumia Linux. Linux ikiwaka kwenye bodi mpya haijui imefungiwa vitu gani. Ni kama mgeni anayeingia kwenye kibanja chako mara ya kwanza, lazima umwambie migomba iko huku, kahawa kule, zizi liko nyuma ya nyumba. Hayo maelekezo yanakaa kwenye faili linaloitwa device tree. Limepangwa kama mti, tawi linazaa tawi, mpaka unafika kwenye kitu chenyewe: kihisi cha joto kipo hapa, feni ianze kuzunguka joto likifika kiasi hiki.

Ukitaka kubadilisha kitu, unataja njia yote toka shina mpaka kwenye kitu hicho. Ni kama anwani. Ukisema mkoa na kijiji ukaruka wilaya, mzigo hautafika.

Mimi nilijitengenezea tools za command line, yaani programu ndogo unazoziamuru kwa maandishi, za kushughulika na mafaili haya. Moja inasoma thamani, nyingine inaandika, nyingine inalinganisha mafaili mawili. Tools zote zinachota kwenye faili moja la C nililoliita msaada.c. Humo ndimo kuna function za pamoja: ya kufungua faili na kulileta lote kwenye kumbukumbu, ya kulirudisha kwenye diski, ya kuunganisha vipande vya njia, ya kuangalia kama kilichomo ni maandishi ya binadamu au ni namba tupu.

Na kuna moja ndogo kuliko zote. Nilikuwa nimeiita lalamika.

Kazi ya lalamika ni kusema kosa ni nini na kuisimamisha tool hapo hapo, isiendelee kuharibu. Kila tool ikikwama inaiita hiyo. Mimi nililipenda msaada.c kuliko tools zenyewe, kwa sababu ukirekebisha kitu humo umerekebisha nyumba nzima.

Koku ni mwalimu wa hesabu sekondari. C nilimfundisha mimi, zamani macho yakiwa mazima, jioni tukiwa tumekaa tu. Alikuwa anapenda kunionyesha makosa yangu kwa kidole na kucheka. Katika dunia hii watu waliokuwa wanaligusa faili lile ni wawili tu, mimi na yeye.

Nirudi nyuma kidogo, kuna jambo lazima mlijue.

Nikiwa hospitali, shangazi yangu wa Rubafu alifariki. Huyu alinilea miaka yangu yote ya sekondari, alikuwa mama wa pili kabisa. Akazikwa, matanga yakaisha, na mimi sina habari. Nikipiga simu kumuulizia naambiwa kasafiri. Siku nyingine naambiwa simu yake imeingia maji.

Nilipotoka hospitali na kupata nguvu ndipo wakaja wazee wa ukoo kukaa sebuleni kwangu. Wakaongea habari za mvua, wakaongea bei ya kahawa, wakarudi kwenye mvua. Nikajua kuna mtu hayupo.

Wahaya wenzangu mnaelewa, na nadhani si sisi tu. Mgonjwa haambiwi. Habari mbaya itapita kila chumba lakini kwa mgonjwa watu wanaingia na nyuso zilizofutwa machozi, wanaulizia kama umekula. Hakuna anayeona amesema uongo. Kwetu ndivyo mtu anavyotunzwa.

Nililia sana. Ila sikugombana na mtu, ndivyo tulivyolelewa.

Haya, turudi kwenye kazi.

Bandeji ikatoka, na mimi sikutaka kukaa tu kama mzigo wa mahindi. Koku akaniwekea ile programu inayosoma skrini kwa sauti. Wakuu, yule bwana wa kwenye kompyuta ana Kiswahili cha ajabu. Neno kibanja analitamka utadhani ni jina la dawa ya minyoo. Mwanzoni tulikuwa tunacheka mpaka Koku anashika mbavu.

Kujifunza upya kuandika ilikuwa shughuli. Koku alikata vipande vidogo vya plasta akabandika kwenye herufi chache ili vidole vyangu vijue viko wapi. Alikuwa ananishika mkono, anauweka, anautoa, ananiambia sasa peke yako. Mikono yake ilikuwa inanuka chaki. Nadhani nilimpenda mara ya pili kipindi hicho, na sioni aibu kulisema hapa.

Tatizo la kwanza lilikuwa namba. Tool yangu ya kusoma ilikuwa inatoa kila kitu kwa namba za kimashine, mtindo wa sifuri x, sifuri sifuri sifuri, na yule bwana anazisoma moja moja kama anahesabu kuku. Ukifika mwisho umesahau mwanzo. Basi tukakaa mimi na Koku, nataja mstari, anaandika, ananisomea, nakataa, anafuta. Tukabadilisha function ya kuchapa kwenye msaada.c ili itaje jina la kitu kwanza, kisha thamani kwa namba za kawaida, bila sifuri za mbele. Tukabadilisha hapo tu, na tools zote zikaanza kuongea kama watu.

Siku ile nilijisikia mwanaume tena. Nisameheni, ndivyo nilivyojisikia.

Tatizo la pili lilikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa nakosea mno. Zamani jicho lilikuwa linaona njia yote kwa mara moja, sasa lazima niishike kichwani. Naruka tawi, nataja tawi ambalo halipo, na lalamika haina huruma: kosa, njia hiyo haipo. Najaribu tena. Kosa, njia hiyo haipo. Kutwa nzima.

Kuna mchana mmoja niliusukuma ule ubao wa herufi ukaanguka chini, nikatoka nje kwa kupapasa mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nikaegemea mgomba nikalia kwa sauti. Koku alitoka jikoni akasimama pembeni yangu, akanishika kiwiko. Tulisimama pale mpaka mvua ikaanza, tukarudi ndani.

Baada ya hapo, wakuu, mambo yakanyooka.

Sijui niseme vipi. Makosa yakapungua, halafu yakaisha kabisa. Nikiandika kitu kinakubali. Nikikisoma kinarudi vile vile nilivyokiandika. Nikajua mikono imezoea. Koku akirudi kutoka shule ananiuliza kazi imeendaje, namwambia leo safi, haijalalamika hata mara moja. Anasema, "Umeona? Unarudi."

Nikampigia mama Kishanda, nikamwambia nafanya kazi kama zamani. Mama akasema, "Omukama asiimwe, mwana wange," akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka nikasikia wageni waliokuwa kwake wanaitikia.

Na macho yenyewe nikaona yatakuja tu. Kama mikono imerudi, macho yana sababu gani ya kubaki nyuma?

Hapo ndipo anaingia Magesa.

Magesa ni mtu wa Mara, ananunua samaki kisiwani kwa wavuvi na kuwahifadhi kwenye jokofu kubwa kabla ya kuwavusha. Jokofu lake linaongozwa na bodi niliyoifunga mimi. Aliniomba nishushe kiwango cha joto ambacho jokofu linaanza kupoza, maana lilikuwa linasubiri mno na samaki wanaanza kulegea. Bodi akanitumia. Kazi ndogo. Ni thamani moja kwenye device tree. Nikaiandika, nikaisoma ikarudi sawa, nikamtumia bodi yake kwa lori mpaka mwaloni, zinapopakia boti za visiwani.

Siku si nyingi akapiga simu.

"Fundi, hivi hili jokofu linakusikiliza wewe au mimi? Samaki wamelegea vile vile!"

Nikamwambia haiwezekani, nimepima mwenyewe.

"Basi njoo uwaambie samaki umepima," akasema. Magesa ana mdomo, lakini si mtu mbaya. Akairudisha bodi na akanipa nafasi nyingine, ila aliniambia wazi kwamba mzigo mkubwa unakuja, na kama siwezi niseme mapema atafute mwingine, hatanilaumu kwa hali yangu.

Hayo maneno "hali yangu" yaliniingia kama mwiba.

Nikakaa na bodi mezani. Nikaisoma thamani: sawa. Nikaiandika upya: imekubali. Nikaisoma: sawa. Naiwasha bodi, inafanya kama zamani. Nilirudia mpaka shingo ikauma.

Halafu nikafanya kitu cha kitoto. Nikaiambia tool inisomee thamani ya njia ya kipuuzi, /kibanja/senene, wale panzi tunaowala huku kwetu. Kwenye bodi ya jokofu, wakuu. Pale lalamika ilitakiwa inipigie kelele.

Yule bwana akasema, "Sifuri."

 Nikaiambia iandike saba kwenye /kibanja/senene. Ikakubali. Nikaisoma. Saba.

Nimepanda senene kwenye jokofu la Magesa na jokofu limepokea!

Hapo nikaelewa kila kitu. Nilipoandika kile kiwango cha joto nilikuwa nimeruka tawi moja la katikati. Zamani tool ingekataa. Safari hii ilijenga tawi jipya la uongo, ikaweka thamani yangu humo, na kila nilipoisoma kwa njia ile ile ya makosa ilinipa jibu nilitakalo. Tawi la kweli halikuguswa. Jokofu lilikuwa linasoma la kweli, mimi nasoma la kwangu.

Kwa hiyo zile siku zote nzuri sikuwa nimeacha kukosea. Nilikuwa nakosea kama kawaida, ila naambiwa safi.

Nikafungua msaada.c nikaanza kulisikiliza mstari kwa mstari. Faili lile nalijua kwa moyo. Nilipofika kwenye lalamika, mistari yangu haikuwepo. Kulikuwa na mmoja tu, unaorudi bila kusema kitu. Na kwenye function ya kutafuta njia kulikuwa na mistari mipya, imeandikwa vizuri, imepangika: kama njia haipo, ijenge, na anayesoma mpe sifuri.

Ilikuwa kazi safi ya mtu anayejua hesabu.

Nilikaa nikisubiri arudi kutoka shule. Nilisikia geti, nikasikia anavua viatu, anaweka chini madaftari ya wanafunzi.

"Koku. Umeigusa lalamika?"

Akaja akasimama karibu na meza.

"Nimeigusa."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaumia, Mugi. Mimi nakaa jikoni naisikia inavyokusema. Kosa, kosa, kosa, kama mtoto anachapwa na siwezi kuingilia. Siku ile ulipolia kwenye migomba nikasema basi. Nikasema nitainyamazisha upate nguvu kwanza, halafu nitairudisha polepole bila wewe kujua."

Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Lakini alivyosema "bila wewe kujua" nikasikia sauti za wale wazee sebuleni wakiongea habari za mvua.

"Mgonjwa haambiwi," nikasema.

"Haambiwi," akajibu taratibu, kama mtu anayekubali kesi.

 Jirani alikuwa anakata nyasi za ng'ombe, nasikia panga. Na mimi likanijia swali ambalo nadhani nilikuwa nalikwepa tangu hospitali. Kuna siku kule niliachwa na nesi, Koku akaingia kwa daktari peke yake. Alipotoka aliniambia daktari anasema tuwe na subira.

"Koku, daktari alisema nini?"

Nikamsikia anayapanga upya yale madaftari.

"Siku ile uliyoingia peke yako. Alisema nini?"

Nikasikia amekaa chini, sakafuni, mgongo wake ukagusa magoti yangu.

"Alisema mishipa ya macho imekufa. Yote mawili. Upasuaji ulikuwa wa kukuondolea maumivu tu." Akavuta pumzi. "Hayarudi, Mugi."

"Nani mwingine anajua?"

"Mama. Mama ndiye alisema usiambiwe mpaka upate nguvu. Na kaka zako. Na mchungaji."

"Yaani wote."

"Wote."

Wakuu, sitawadanganya kwamba nilipokea kishujaa. Nilipiga kelele. Nilisema maneno mabaya juu ya mama yangu ambayo sitayaandika. Koku aliniacha niseme. Halafu yeye naye akaanza kulia, na alilia vile ambavyo sijawahi kumsikia, kilio cha msibani, cha sauti nzima. Ndipo nikagundua kwamba tangu hospitali sijamsikia analia hata siku moja. Alikuwa anafundisha, anapika, ananishika mkono kwenye herufi, anacheka na yule bwana wa kompyuta, na hilo neno la daktari amelibeba peke yake ndani ya nyumba hii hii.

Nikateremka sakafuni nikamkumbatia. Chakula cha jioni hatukula.

Sasa niwaambie kitu ambacho hakuna aliyenieleza kabla. Kwa kipindi kile chote, kila asubuhi nikiamka nilikuwa nafungua macho polepole sana, kwa woga, kujaribu kama leo kuna mwanga. Kila asubuhi nilikuwa napata hasara mpya kabla hata ya kunawa uso. Sikuwahi kumwambia mtu. Mimi nilidhani nina matumaini, kumbe nilikuwa nachoka.

Asubuhi iliyofuata nilifungua macho na sikusubiri kitu. Nilikuwa na huzuni kubwa mno. Nikaomba chai, nikainywa yote.

Jumamosi tukakaa mimi na Koku kuirudisha lalamika. Mimi nilitaka irudi kama ilivyokuwa. Yeye akakataa.

"Ile ilikuwa inakwambia umekosea, basi. Hata mimi darasani siwezi kumwambia mwanafunzi umekosea nikaondoka. Imwambie amefika wapi."

Tukaandika upya. Sasa ukitaja njia ambayo haipo, tool inasimama, haijengi kitu mpaka uiambie kwa makusudi ijenge. Na inasema: nimefika mpaka tawi fulani, baada ya hapo sioni hicho ulichotaja. Fupi, sauti moja, unajua mguu uliteleza wapi. Ni mistari michache tu ndani ya msaada.c, na kwa kuwa tools zote zinachota humo, zote zikaamka nayo.

Nikang'oa kwanza lile tawi la uongo na senene wake, halafu nikaijaribu kwa njia ya Magesa ile ile niliyoikosea. Yule bwana akasema kwa Kiswahili chake kibovu kwamba kosa, nimefika kwenye shina, kihisi sikioni hapa. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kuambiwa kosa.

Nikairekebisha njia, nikaandika thamani, bodi ikaenda kisiwani. Mzigo mkubwa ulipokuja Magesa akapiga simu kusema samaki wamekakamaa kama mbao, na kwamba sasa jokofu linasikiliza.

Lakini bado kulikuwa na mama.

Tulikwenda Kishanda. Njiani Koku alikuwa anaogopa, nilijua. Mama ni mzee wa kanisa, neno lake nyumbani halijadiliwi, na yeye ndiye alisema nisiambiwe. Koku alikuwa anakwenda kama mkwe aliyevunja agizo.

Tulimkuta anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Nikamsalimia kwa Kihaya kama inavyopasa, nikakaa kwenye kigoda nilichopewa. Nikaona nikichelewa nitaanza kuongea habari za mvua na mimi.

"Mama, najua kwamba sitaona tena."

Kisu kikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Koku. Nilimuuliza."

 Nikanyoosha mkono kumtafuta Koku, niwe karibu naye lolote likitokea. Mama akainuka. Nilisikia kanga yake inapita mbele yangu, nikajua anamwendea Koku.

"Njoo hapa, mwanangu," akamwambia. "Nilikutwisha mzigo wangu. Mimi niliogopa, nikakupa wewe ubebe."

Wakalia wote wawili wameshikana, na mimi kwenye kigoda changu nalia peke yangu, mpaka mama akakumbuka nipo. Akaja akanishika uso kwa mikono yenye utomvu wa ndizi. Akasema kwamba kila nilipokuja alikuwa ananiepuka, anajifanya ana kazi shambani, akiogopa nitaisikia kwenye sauti yake.

Halafu kikatokea kitu ambacho sikukitegemea.

Mama alikaa chini pembeni yangu, akajifuta, akaanza kuniambia. Ng'ombe mwekundu alikufa nikiwa hospitali. Upepo uling'oa bati za jikoni, zilizopo sasa ni za kuazima. Migomba ya upande wa bonde imeingiwa na mnyauko na wameing'oa yote, pale ninapopakumbuka mimi ni peupe. Jirani yetu aliyekuwa ananitengenezea gari za mabua nikiwa mdogo amefariki. Binamu yangu ameachana na mumewe. Na goti lake yeye mwenyewe linamuuma, usiku halali, hakutaka nijue.

Alikuwa ananimwagia tu, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa baya. Nami nilikuwa namuuliza, lini, ikawaje, mmefanyaje. Nilimkasirikia kuhusu goti. Tulipanga la kufanya kwenye lile bonde, nani aje kusaidia, nani alete miche.

Koku aliniambia baadaye kwamba nilikuwa natabasamu. Inawezekana. Tangu niumwe nilikuwa mgeni kwenye nyumba ya mama yangu, napewa kigoda kizuri na habari nzuri. Siku ile nilirudi kuwa mtoto wa pale.

Basi wakuu, mafunzo yangu ni haya.

Kwa mnaoandika C: function ya pamoja isimeze error kwa kumwonea mtu huruma. Huruma iweke kwenye namna ya kulisema kosa. Najua wapo watakaoniambia kitu hiki kila mtu anakijua. Mimi nilikuwa nakijua kabla yenu na bado kilinipata ndani ya nyumba yangu.

Kwa wenye mgonjwa nyumbani: siwaambii mumrushie ukweli kama jiwe. Mama yangu alisema nipate nguvu kwanza ndipo nijue, na sasa naona alikosea mpangilio, kwa upande wangu nguvu zilikuja baada ya kujua. Lakini ukimwambia, usitoke chumbani. Kaa sakafuni kama Koku.

Koku na mama wote wamesikia uzi huu kabla sijaupandisha. Mama alisema nimemchongea mbele ya taifa, ila niuache hivyo hivyo.

Karibuni mchangie. Waliowahi kufichwa, waliowahi kuficha, na wale mtakaoona Koku alikuwa sahihi na mimi ndiye msumbufu. Nitazisikiliza comments zote moja moja kwa sauti ya yule bwana. Ombi langu ni moja tu: msinilainishie.